Ghala la Maudhui: Historia Fupi ya Istilahi Moja kwa Mifano ya Bukoba na Muleba

Utangulizi

Mkoa unaoitwa leo Kagera ulijulikana kwa jina la Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979. Jina hilo halikuwa la uongo, ila lilikuwa jina la mtu aliyesimama mbali. Kwa mkazi wa Bukoba au Muleba, ziwa haliko magharibi. Liko mashariki, na ndiko jua linakochomoza juu ya visiwa. Baada ya vita vya mwaka 1978 hadi 1979 mkoa ulipewa jina la mto wake wenyewe, na jina hilo likakaa. Tunalitaja jambo hili mwanzoni kwa kuwa lina funzo kwa kila anayeshughulika na istilahi: jina hubeba mahali aliposimama aliyelitoa. Anayelipokea bila kulichunguza hupokea na mahali hapo pia, ingawa yeye mwenyewe hajapata kufika.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi moja ya kazi ya kompyuta. Watengenezaji wa programu-tumizi za wavuti hutumia siku hizi aina ya mfumo ambao jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, ni "mfumo wa kusimamia maudhui usio na kichwa". Swali letu ni hili: je, Kiswahili kiupokee upungufu huo wa kichwa, au kitafute jina lake chenyewe? Jibu tutalitafuta katika historia ya istilahi zetu. Mifano tutaichukua Bukoba na Muleba, kwa sababu huko jambo lenyewe linalotajwa na istilahi hii, yaani kuitenga mali na sura itakayovaa baadaye, lina historia ndefu kuliko kompyuta.

Tulikotoka

Kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa utaratibu wa pamoja ilianza mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kazi ya uchunguzi ikapata makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Kuanzia mwaka 1974 Baraza lilitoa orodha za istilahi chini ya jina la Tafsiri Sanifu, ili mwalimu, mhasibu na mganga wasiwe kila mmoja na neno lake kwa kitu kile kile. Utaratibu uliofuatwa unajulikana: kwanza kutafuta ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho kuazima kutoka nje. Kwa njia hiyo tulipata ikulu kutoka kwa Wanyamwezi na kung'atuka kutoka kwa Wazanaki.

Kompyuta ilipoingia, utaratibu huu ulijaribiwa vikali. Kwa mashine ile moja yalitolewa majina kadhaa. Wapo waliosema ngamizi. Wapo waliosema tarakilishi, neno lililopata nguvu katika shule za Kenya. Na wapo waliosema kompyuta. Huku Tanzania kompyuta ndiyo iliyoshinda, si kwa kuwa wataalamu walishindwa kufikiri, bali kwa kuwa neno hilo lilikwisha kuzoeleka midomoni kabla orodha hazijafika mikononi. Hapo tulijifunza kwamba istilahi inayochelewa huja kuwa ukumbusho tu katika kamusi.

Lakini hatukushindwa kila mara. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Vitenzi vya kila siku kama hariri, hifadhi na nakili vikapewa kazi mpya bila kulalamika. Kivinjari kikatokana na kuvinjari, hifadhidata ikaunganishwa kwa maneno mawili, na barua pepe ikapata mbio zake katika neno lenyewe. Mwaka 2009 serikali ilipoanza kujenga njia kuu ya nyaya za mawasiliano, ambayo matawi yake yalikuja kufika hadi Mutukula mpakani na Uganda, Kiingereza kiliiita njia hiyo kwa jina la uti wa mgongo. Sisi tulisema Mkongo wa Taifa. Kiungo cha mwili kilichokuwamo katika jina la kigeni hatukukichukua, na hakuna aliyekosa kuelewa.

Tovuti za halmashauri

Historia ya maudhui ya wavuti katika Bukoba na Muleba haiwezi kuelezwa bila kutaja mwezi Machi 2017. Wakati huo zilizinduliwa kwa pamoja tovuti za mikoa yote 26 ya Tanzania Bara na za halmashauri 185. Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba zote zilipata tovuti zenye mpangilio unaofanana. Anayezifungua hukutana na maneno yale yale: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Madiwani, Huduma Zetu, Machapisho, Kituo cha Habari.

Kwa upande wa lugha tukio hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyosifiwa. Maneno yaliyokuwa yakijadiliwa katika vikao vya istilahi yalibandikwa kwa siku moja mbele ya wananchi wa kila wilaya, kama ubao mmoja wa matangazo uliogawanywa vipande 185. Afisa habari wa Muleba hakulazimika kujua namna ukurasa unavyopangwa. Aliandika habari, akaweka picha, akachapisha. Mpangilio ulikuwa umekwisha wekwa. Huo ndio mfumo wa kusimamia maudhui kwa maana yake ya kawaida: mtu mmoja huleta maneno, na mfumo huyavika sura.

Nguvu ya mfumo wa namna hiyo ndiyo pia mpaka wake. Maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya ukurasa hukaa katika ukurasa. Wilaya ya Muleba si bara tu. Inavyo visiwa vingi katika Ziwa Viktoria, vikiwamo Bumbire, Goziba na Ikuza. Katika kisiwa cha wavuvi mwenye simu janja atafungua tovuti, mwenye simu ndogo iitwayo kitochi atasubiri ujumbe mfupi, na mwingine atasikiliza redio tu. Habari ni moja, lakini milango ya kuingilia masikioni na machoni ni mingi. Kama habari imefungwa katika ukurasa, mtu hana budi kuiandika upya kwa kila mlango, na kila inapoandikwa upya hupata nafasi ya kukosewa.

Kichwa kilikatwaje

Tatizo hilo halikuwa la Muleba peke yake. Mifumo ya kusimamia maudhui iliyoenea duniani, kama Drupal iliyotolewa mwaka 2001 na WordPress iliyotolewa mwaka 2003, iliwekwa pamoja mambo mawili: mahali pa kutunzia maneno na picha, na violezo vya kuupa ukurasa sura yake. Wakati huo jambo hilo halikuwa na ubaya, kwa kuwa watu walisoma wavuti kwa kompyuta ya mezani. Baada ya mwaka 2007 simu janja zilienea, na sura moja haikutosha tena. Ndipo mafundi wakaanza kuvitenganisha vitu viwili hivyo. Mwaka 2013 ilianzishwa huko Berlin kampuni ya Contentful, inayouza huduma ya kutunza maudhui bila kuyavika sura. Strapi, iliyoanzia Ufaransa, ikafanya kazi ya namna hiyo kwa programu huria. Na WordPress yenyewe, katika toleo la 4.7 la mwezi Desemba 2016, ikaruhusu programu nyingine kuchota maudhui yake moja kwa moja.

Kwa kuwa sehemu ya mbele, ile inayoonekana, wao waliizoea kuiita kichwa, mfumo ulioondolewa sehemu hiyo wakauita usio na kichwa. Jina hilo ni la haki kwao. Walikuwa na kichwa, wakakikata, wakakumbuka.

Kazi ya mfumo wenyewe si ngumu kuieleza. Mwandishi huingiza habari kwa vipande vilivyotengwa: kichwa cha habari, tarehe, mahali, matini, picha. Mfumo huvitunza vipande hivyo katika hifadhidata pamoja na majina yake. Programu yoyote iliyopewa ruhusa, iwe ya wavuti, ya simu au ya kutuma ujumbe mfupi, hubisha hodi mahali maalumu ambapo mafundi hupaita kwa herufi zake tatu, epiai. Hupewa vipande vitupu, bila rangi wala mapambo, nayo huvipanga kadiri ya kioo chake. Kosa likisahihishwa mara moja ghalani, sura zote zinazochota hapo hupata sahihisho hilo.

Faida hiyo ina gharama zake, na ni vema zitajwe. Kila sura lazima ijengwe na fundi, na halmashauri isiyo na fundi itabaki na maneno mazuri yasiyoonekana na mtu. Mwandishi naye huandika bila kuona ukurasa utakavyokuwa. Tena, mahali pa kuchotea pakiziba, sura zote hunyamaza pamoja. Mfumo wa zamani bado unatosha mahali ambapo msomaji ni mmoja na mlango ni mmoja.

Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa uliozuka katika Wilaya ya Bukoba ni homa ya virusi vya Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 2 Juni 2023, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 6 kati yao walikuwa wamefariki. Katika siku kama hizo ujumbe huwa mfupi: dalili ni hizi, mgonjwa asiguswe, taarifa itolewe hapa. Lakini ujumbe huo huo hauna budi kufika kwenye redio, kwenye karatasi ya zahanati, kwenye simu ya mwenyekiti wa kijiji na kwenye tovuti. Namba ya simu ikibadilika, nayo ikabadilishwa mahali pamoja ikasahauliwa pengine, mtu atapiga namba isiyoitika. Hapo kutenga maudhui na sura huacha kuwa starehe ya mafundi. Na fundi na mganga wa wilaya wanaopanga kazi hiyo pamoja wanahitaji neno ambalo wote wawili watalielewa kwa namna moja.

Majina ya upungufu

Sasa turudi katika neno. Historia inaonyesha kuwa Kiingereza kimezoea kukiita kitu kipya kwa kile kilichopungua. Motokaa za kwanza ziliitwa magari yasiyo na farasi, kwa kuwa waliozitazama walikuwa wamezoea kuona farasi mbele ya gari. Mawasiliano ya redio yaliitwa yasiyo na waya, kwa kuwa yale ya kwanza yalipita katika waya.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Motokaa tuliiita kwa jina la kuazima. Garimoshi tulilitaja kwa moshi wake, jambo lililoonekana na kila mtu. Na mawasiliano ya redio tuliyaita simu ya upepo. Hatukusema simu isiyo na waya. Tulitaja kile tulichodhani kinaibeba sauti, si kile kilichokosekana. Hata kama mwalimu wa sayansi atatuambia kwamba upepo haubebi mawimbi hayo, jina lilimwelekeza msikilizaji kwenye kitu kilichopo. Hiyo ndiyo tabia ya lugha yetu, na tunaona inafaa kuendelezwa.

Tena, neno kichwa katika Kiswahili lina mzigo mzito. Mwenye kichwa ni mwenye akili. Kichwa cha treni ndicho kinachovuta mabehewa. Anayesimama kando ya barabara itokayo Mutukula kupitia Bukoba na Muleba huyaona malori makubwa, na hata mtoto anajua kwamba kichwa ndicho chenye injini na tela hufuata. Basi mfumo usio na kichwa utaeleweka kuwa ni mfumo usio na akili au usiokwenda. Inawezekana kujibu kwamba tela hufungwa kwenye kichwa chochote, kama vile maudhui yanavyochotwa na programu yoyote. Ulinganisho huo una werevu, lakini unageuza mambo. Katika lori nguvu iko mbele. Katika mfumo huu nguvu iko nyuma, na kilichoko mbele ni sura tu.

Lipo na tatizo la kazini. Tumekwisha kusema kwamba kila habari inayoingizwa katika mfumo huwa na kichwa cha habari. Afisa habari akiambiwa kwamba mfumo hauna kichwa, kisha mfumo huo huo ukamtaka ajaze kichwa, atakuwa na haki ya kuuliza ni kichwa kipi. Istilahi inayomfanya mtumiaji aulize swali hilo kila asubuhi haijamaliza kazi yake.

Njia nyingine ingekuwa kusema mfumo wa sura nyingi. Jina hili angalau linataja kilichopo. Lakini mwenye nyuso mbili katika Kiswahili ni mnafiki, na mwenye sura nyingi hayuko mbali naye. Vilevile sura ni sehemu ya kitabu, na msomaji anaweza kudhani tunazungumzia kitabu kirefu. Jina hilo nalo tunaliweka kando.

Ghala

Bukoba na Muleba ni nchi ya kahawa. Wahaya walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, na kumkaribisha mgeni kwazo, kabla ya Wajerumani kuweka kituo chao Bukoba mwaka 1890. Mwaka 1950 wakulima walianzisha chama kikuu cha ushirika. Chama hicho kilipitia mabadiliko mengi, likiwamo la mwaka 1976 ambapo vyama vikuu nchini vilivunjwa, na mrithi wake anajulikana leo kwa jina la KCU (1990). Katika miaka ya 1960 Bukoba ilipata pia kiwanda cha TANICA, kinachotengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji ya moto.

Tazama njia inayopitwa na kahawa hiyo. Mkulima wa Kamachumu huianika, kisha huipeleka ikiwa ya maganda katika chama cha msingi. Hupimwa, huandikwa daftarini kwa uzito na daraja, huwekwa ghalani. Ikiwa ghalani bado si kinywaji cha mtu yeyote. Baada ya kukobolewa, sehemu itasafirishwa ng'ambo ikiwa mbichi, sehemu itakaangwa na kusagwa, sehemu itakuwa unga wa TANICA koponi. Mali ni ile ile, nazo sura zake ni nyingi. Mtunza ghala hahitaji kujua kikombe kitakuwa cha udongo au cha kioo. Kinachompasa ni kuhakikisha kwamba kilichoandikwa daftarini ndicho kilichomo guniani.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza ghala la maudhui. Jina hili linataja kitu kilivyo, wala halimlazimishi mwanafunzi wa Muleba kukumbuka kichwa ambacho yeye hakupata kukiona. Zaidi ya hayo linazaa jamaa yake. Anayesimamia maudhui atakuwa mtunza ghala, neno ambalo kila ofisi inalo. Mahali programu zinapochotea maudhui patakuwa mlango wa ghala. Tungependa kusema dirisha, lakini dirisha limekwisha pewa kazi kwenye kioo cha kompyuta. Sehemu inayoonekana na mtumiaji itakuwa sura, neno ambalo tayari limo ndani ya kiolesura. Hifadhidata itabaki na maana yake: hiyo ni rafu za ghala, si ghala zima lenye mtunzaji, daftari na mlango.

Ghala pia linatukumbusha nidhamu. Kisiwa kile kile cha Muleba huandikwa na wengine Bumbire na wengine Bumbile, kwa kuwa sauti hizo mbili hukaribiana sana katika matamshi ya huko. Katika ukurasa wa karatasi tofauti hiyo haidhuru, msomaji ataelewa. Katika ghala la maudhui inadhuru, kwa sababu programu inayotafuta habari za Bumbire haitaleta zile zilizoandikwa Bumbile, na mkazi wa kisiwani atadhani hakuna tangazo linalomhusu. Kwa hiyo kabla ya kujenga ghala hatuna budi kukubaliana juu ya tahajia ya majina ya kata na vijiji vyetu. Kazi hiyo ni ya wanalugha kabla ya kuwa ya mafundi.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina la Kiingereza la mfumo huu limebeba historia ya waliokuwa na kichwa wakakiondoa. Sisi hatuna historia hiyo. Tunayo historia ya mali inayokusanywa kutoka mashamba mengi, ikaandikwa, ikatunzwa, kisha ikatolewa kwa sura inayomfaa kila mnunuzi. Ni haki jina letu litoke huko.

Hata hivyo, tumejifunza kutoka kwa ngamizi kwamba istilahi haishindi kwa uzuri wake. Hushinda kwa kuwahi na kwa kutumiwa. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, maafisa habari wa halmashauri na watengenezaji wa programu walijaribu neno ghala la maudhui kazini, wakiwa wameshika kazi yenyewe mkononi, nasi watuarifu linapokwaza. Kama lipo neno bora zaidi, katika Kihaya au katika lugha nyingine yoyote ya nchi hii, liletwe sasa, kabla mazoea hayajatuamulia.